Salfa ya Mikorosho na Rupia ya Bibi

Msimu wa kupuliza mikorosho ukianza, Maneromango hunuka salfa. Tunapuliza kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaofunika maua na majani machanga kwa vumbi jeupe. Mfuko ukibaki nusu huingizwa ndani, mara nyingi chumbani, maana mali hailali nje. Chumba hichohicho ndicho chenye sanduku la kanga na hati za shamba na, katika baadhi ya nyumba za zamani huku Kisarawe, sarafu za enzi zilizopita zilizofungwa kitambaani. Mimi nalima korosho na nakusanya sarafu, kwa hiyo jambo hili linanigusa pande zote mbili.

Bibi mmoja jirani aliniletea rupia ya Mjerumani ya mwaka 1891. Upande wenye kichwa cha Wilhelm II na kofia yake yenye tai ulikuwa mweusi tii.

"Mjukuu wangu, hii si bandia? Fedha gani inaungua hivi?"

"Hapana, bibi. Ni fedha hasa, ndiyo maana imebadilika."

Rupia hizo zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890. Moja ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, 917 ni fedha tupu. Kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ilihesabiwa kwa rupia, na wazee wengi walizijua kwa njia hiyo chungu. Fedha nyingi namna hiyo ikikaa karibu na salfa haina salama. Si lazima unga uiguse: mvuke kidogo unaotoka mfukoni, ukisaidiwa na unyevu wa pwani yetu, unatosha kuotesha utando juu ya fedha.

Niliigeuza rupia ya bibi. Upande wa pili, wenye simba na mnazi, ulikuwa na pete za rangi: bluu ukingoni, kisha zambarau, kisha dhahabu, na katikati fedha ikiwa bado nyeupe. Upande huo ulikuwa umelalia sarafu nyingine kitambaani, salfa ikapenya kwa pembeni tu. Utando wenyewe hauna rangi ya bluu wala zambarau. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule uliopenya na kurudi kutoka kwenye fedha, rangi nyingine zikazimana na nyingine zikabaki, kama mafuta ya pikipiki juu ya dimbwi la maji. Utando mwembamba huonekana wa dhahabu, ukinenepa huingia zambarau na bluu, ukizidi huwa mweusi. Kwa hiyo pete zile zinaonyesha salfa ilipitia wapi na ilifika wapi.

Salfa haitoki shambani tu. Rababendi imepikwa kwa salfa, na ukifungia sarafu za fedha itaziachia mstari mweusi ulionyooka. Kitambaa cha sufu kinayo, na karatasi duni za maboksi na bahasha za kaki nyingi zinayo pia. Kasha la mbao lina tatizo jingine, kwani mbao hutoa mvuke wa asidi, ile ya siki, unaokula shaba na risasi hasa. Shilingi ya simba na milima ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 haikuwa nayo kabisa. Ndiyo maana shilingi hizo hufifia kijivu au kahawia, mara chache upate rangi za rupia.

Ninachokiogopa kuliko salfa ni plastiki laini ya PVC, yenye harufu ya koti jipya la mvua au kitambaa cha meza cha plastiki. Wengi huona sarafu inang'aa ndani yake wakadhani imepata ulinzi. Kwa joto la huku plastiki hiyo huachia mafuta yanayoilainisha, na ikichakaa hutoa asidi. Sarafu huanza kunata, kisha hujaa ute wa kijani unaotafuna maandishi. Utando wa salfa unaweza kukaa miaka mingi picha ikiwa nzima chini yake, lakini ule wa kijani ukishatafuna, kilicholiwa hakirudi.

Bibi alitaka aisugue kwa majivu na ndimu. Nilimsihi asifanye hivyo, na nawasihi wote wenye sarafu ndani. Kusugua huondoa utando pamoja na ngozi ya fedha iliyo chini yake, na kuacha mikwaruzo ambayo mnunuzi anayejua kazi huiona mara moja na kushusha bei. Rupia nyeusi ambayo haijaguswa ina thamani kuliko inayong'aa kwa majivu.

Mfuko wa salfa ulihamia banda la nje siku ileile. Kila sarafu tuliiweka peke yake kwenye kifuko cha plastiki isiyo PVC, tukiishika kwa ukingo, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi. Vifuko vya sarafu za fedha viliingia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hela zake mbili, sarafu ndogo za shaba za Mjerumani, zilikuwa na vidoa vya unga wa kijani mpauko, nazo tukazitia kopo lao. Kijani hicho hutokana na chumvi iliyoingia ndani ya shaba, na kila unyevu ukirudi kinaendelea kula, hivyo kopo hilo ndilo la kukaguliwa kwanza masika yakianza.