Kimya Mbele ya Kompyuta

Huenda nyumbani mwako yumo anayesoma kwa njia ya intaneti. Macho yako kwenye kompyuta, wala humwoni akiandika neno. Je, anasoma, au anapitisha muda tu?

Swali hilo si jipya. Mwaka 1988 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliwaunganisha wanafunzi zaidi ya 1,000, kila mmoja nyumbani kwake, kwa kompyuta na waya wa simu, waandikiane wao kwa wao na walimu wao. Mtafiti Robin Mason alipoyachunguza mazungumzo hayo, aliona kuwa takriban theluthi moja tu ndio walioandika kwa bidii. Theluthi nyingine walisoma ya wenzao pasipo kuchangia. Waliosalia hawakujishughulisha sana.

Hao wa katikati ndio wa kufikiriwa. Aliyepata kusoma kwa posta anaujua upweke wa kungoja jawabu majuma kadhaa. Msomaji mkimya walau huona kwamba swali linalomtatiza limewatatiza na wengine, naye hujifunza humo. Lakini mwalimu wa darasani huuona uso uliokunjamana. Huyu wa mbali huona maandishi peke yake. Asiyeandika, kwake ni kama hayupo.

Basi usiku wa leo mwulize mwanao: umeandika nini, na nani amekujibu?