Sisi ni Wakikuyu, mbona jina letu ni ‘Mmaasai’?

Naitwa Mukabi. Kama wewe ni Mkikuyu, tayari umeshtuka kidogo. Kama si Mkikuyu, ngoja nikufafanulie: Wakikuyu huwaita Wamaasai Ukabi, na Mukabi ni Mmaasai mmoja. Yaani kila nikitoa kitambulisho kwa wakala wa M-Pesa hapa Kayole, natangaza kwa Kikuyu safi kwamba mimi ni Mmaasai. Na kwetu sikuwahi kuonyeshwa Mmaasai hata mmoja.

Kwa miaka mingi sikujali. Shuleni wasee walinitania, “Moran, ng’ombe umeacha wapi?” nami nikacheka nao. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, maana ya jina ndiyo ilikuwa ya mwisho kichwani.

Halafu Desemba iliyopita dadangu akaleta mchumba nyumbani. Kijana mpole, ana kazi yake, kwao ni Kajiado. Mmaasai.

Anko mmoja, ndugu mdogo wa mzee wangu, aliweka kikombe cha chai chini. “Hao si watu wetu,” akasema, mbele ya kijana wa watu. Anko mwenyewe ni Mukabi. Mzee wangu, naye Mukabi, alinyamaza tu. Dadangu alilia jikoni hadi usiku.

Wikendi iliyofuata nilipanda matatu hadi Kikuyu kwa shosho. Nilimkuta amekaa nje anachambua njahi, Milima ya Ngong inaonekana kwa mbali nyuma yake.

“Shosho, kwa nini tunaitwa Mukabi?”

“Umechelewa kuuliza,” akasema. “Guka wako ndiye angekueleza vizuri.” Lakini akaeleza. Nikawasha simu, nikarekodi.

Kulingana na shosho, Mukabi wa kwanza alikuja akiwa mtoto wa kiasi cha kuchunga mbuzi. Aliletwa na mama yake, wakati ng’ombe wa Wamaasai walikuwa wamekwisha. Mama alipewa viazi vitamu na ndizi za kubeba, akasema angerudi kumchukua mwanawe. Hakurudi.

Nilirudi Nairobi nikaanza kusoma, na historia inamuunga mkono shosho. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilifagia ng’ombe wa Wamaasai. Ndui ikafuata. Juu ya hayo, laiboni Mbatian alipofariki, wanawe Lenana na Sendeyo waligombania nafasi yake na wafuasi wao wakapigana. Wamaasai wengi wakakimbilia kwa Wakikuyu upande wa Kabete na Dagoretti, ambako kulikuwa na chakula. Hawakuwa wageni kabisa. Hata vijana wa pande mbili walipokuwa wakiibiana ng’ombe na kuuana, akina mama waliendelea kuvuka mpaka kufanya biashara ya vyakula na ngozi.

Ukitaka ushahidi mwingine, sikiliza majina tu. Nyokabi ni jina la wasichana wengi sana wa Kikuyu, lakini hesabu mabinti wa Mumbi kutoka Wanjiru hadi Wamuyu, Nyokabi hayumo. Maana yake ni ‘wa Umaasaini’. Hata rais wa kwanza, aliyezaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi, alipata jina Kenyatta kutokana na mshipi wa shanga aliokuwa akivaa. Na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikaa Narok kwa jamaa zake wa Kimaasai.

Lakini kilichonikalisha chini ni kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Yule mtoto hakuwa na baba hapa, kwa hiyo alipooa, mwanawe wa kwanza alipewa jina la mzee aliyempokea. Mjukuu akawa Mukabi. Kitukuu akarudia jina la yule mzee, ambalo ndilo jina la babangu. Mimi ni kifungua mimba, nikawa Mukabi tena. Vizazi vitano, majina mawili yanapokezana: mgeni, mwenyeji, mgeni, mwenyeji, mgeni. Na hakuna aliyekaa kutueleza.

Nilimuuliza shosho swali moja zaidi. Jina lake la Kimaasai lilikuwa nani?

“Alikuwa mdogo,” akasema. “Walimwita Mukabi, akaitika.”

Hilo ndilo limekataa kunitoka. Walimpa chakula, shamba na mke, lakini jina alilopewa na mama yake likapotea. Sisi tunabeba lile ambalo majirani walimwita.

Nilipeleka rekodi nyumbani. Anko akasikiza nusu, akasema ni hadithi za wazee, akatoka. Mzee wangu alisikiza yote. Akaomba nirudie pale kwa mama na viazi vitamu. Kisha akamwambia dadangu, “Mwambie huyo kijana alete wazee wake.”

Nawe msomaji, jina lako linasema nini? Muulize shosho au guka, na urekodi. Mimi guka nilimkosa.

Ruracio ni Agosti. Anko hajasema kama atakuja. Shosho yeye ameshaagiza akalishwe karibu na wageni kutoka Kajiado, kwa sababu ana jambo la kuwauliza: kama kuna ukoo kwao unaokumbuka mtoto aliyeachwa kwa Wakikuyu, na kama wanajua aliitwa nani.