F41.2: namba kwenye fishi si muhuri wa wazimu

Mama mmoja aliyekimbia vita alituonyesha fishi yake ya kituo cha afya. Muuguzi alikuwa ameandika F41.2. "Wameandika kwamba mimi ni kichaa?" aliuliza. Kwa hofu hiyo, alikuwa ameacha kurudi kwa muganga.

Ndugu wasomaji, jibu ni hapana. Namba hiyo inatoka katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), toleo la 10. Hata malaria ina namba yake. Herufi F ni ya matatizo ya akili na mwenendo, makubwa na madogo. F41.2 ina maana kwamba mgonjwa ana wasiwasi na huzuni pamoja, na hakuna kati ya hayo mawili lililo kali kiasi cha kuandikwa peke yake. Katika toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, namba yake ni 6A73, na dalili ziwe zimedumu wiki 2 au zaidi.

Namba inamsaidia muganga mwingine kuelewa haraka, na eneo la afya kuhesabu wagonjwa ili kupanga msaada. Bila namba, mateso yetu hayaonekani kwenye ripoti.

Viongozi, tunawaomba mambo matatu: msitangaze fishi ya mtu, msimwite kichaa, mtieni moyo arudi kwenye matibabu. Lakini anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.