Nyaya Nne za Uso wa Kasha

Muhula uliopita flashi ya mwalimu mlezi wa chama chetu iliungua kwa sababu yangu. Ndani yake mlikuwa na mashairi ya gazeti hili hili. Wenzangu walilazimika kuyaandika upya, mengine kwa kukumbuka tu, na wapo ambao mpaka leo salamu zao ni za mdomo mmoja. Basi acha nieleze, maana kosa lenyewe lilikuwa la nyaya nne.

Chama kilikuwa na kasha kuukuu la tarakilishi, zito kama gunia la mahindi. Tulitia ndani bodi nyingine iliyokuwa nzima. Ikabaki kuunganisha uso wa kasha: kitufe cha kuwasha, taa mbili ndogo na matundu ya USB.

Kitufe hakina shida. Ukigeuza nyaya zake kitawasha vile vile. Taa ukizigeuza hazitawaka, basi, unazirudisha. Lakini chunga kasha lililoundwa kabla ya mtindo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995! Humo kitufe hukata umeme wenyewe wa ukutani, volti 240. Ukiona nyaya nne nene zikitoka kitufeni, usizilete karibu na bodi hata kidogo. Tafuta kitufe kingine, kile kinachojirudi ukikiachilia.

Sasa USB. Kwenye bodi utaona pini 9 katika safu mbili, 5 huku na 4 kule, hivyo kona moja iko tupu. Kila safu ni ya tundu moja. Kona ile tupu ndiyo dira yako. Anzia mwisho ulio mbali nayo, uhesabu: waya mwekundu wa volti 5, mweupe, kijani, kisha mweusi unaorudisha umeme. Mweupe na kijani hubeba habari; wakibadilishana nafasi, flashi haisomeki tu. Mwekundu na mweusi wakibadilishana, flashi inakufa. (Pini za sauti nazo ni 9, ila pengo lao haliko konani. Liko hatua moja kabla ya kona.)

Kwenye kasha letu nyaya zote nne zilikuwa katika kiplastiki kimoja kisicho na alama. Kinaingia hivi, na ukikigeuza kinaingia pia. Mimi nilipoona kimeingia nikasema, "Tayari, mwalimu!" Akachomeka. Punde tukasikia harufu, na kuigusa flashi, moto kama kaa. Mwalimu hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Siku hizi siamini rangi wala macho yangu. Nachomoa umeme wa ukutani, naazima mita ya fundi wa redio, naweka ncha moja kwenye bati la pembeni ndani ya tundu na nyingine kwenye waya. Ikilia, najua waya huo unafika hapo. Mabati ya pembeni ni mawili, la volti 5 na la mweusi, kwa hivyo napima yote mawili. Kitu cha kwanza kuchomekwa ni kipanya kibovubovu, si flashi ya mtu.

Tundu la kushoto sasa linafanya kazi. La kulia lina waya uliokatika ndani, kwa hiyo nimelibandika plasta. Tafadhali msiibandue.