Sheria ya Kutoa Mimba Kenya na Hofu ya Pingu

"Sista, nikienda hospitali si nitafungwa?" Swali hilo nililisikia miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga katika Kaunti ya Kilifi. Mara nyingi aliyeuliza alikuwa amekwisha kuchelewa: homa kali, tumbo limekaza, leso imelowa damu, na shangazi amesimama kando akinikodolea macho nisihoji mengi. Sasa nimestaafu, na nalijibu hapa kwa nafasi ambayo wodini sikuwa nayo.

Hapana. Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imetoka, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, si kosa nchini Kenya. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hakiulizi dharura yenyewe ilianzaje.

Kuitoa mimba ni suala jingine, na hapo ndipo hata wahudumu wenzangu hubabaika, kwa sababu tuna sheria mbili zinazovutana. Ya kwanza ni Kanuni ya Adhabu, tuliyoachiwa na Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1930. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na aliyetoa dawa au vifaa hadi miaka 3. Ya pili ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 26(4) kinakataza kutoa mimba, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya mwenye mafunzo, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Soma tena hapo: uhai au afya. Watu wengi husikia uhai tu, wakadhani ni lazima mama awe anakata roho ndipo asaidiwe. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza afya kuwa ni ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu katika jamii. Sheria hiyo hiyo inasema mhudumu mwenye mafunzo anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au tabibu, mradi ana leseni halali. Jambo hili ni kubwa kwa mtu wa Bamba au Ganze, hapa Kilifi, ambako daktari ni wa kusubiriwa lakini muuguzi yupo. Na Katiba haikutaja saini ya mume wala kibali cha polisi.

Katiba ndiyo sheria kuu. Lakini askari aliyeko kituoni anajua Kanuni ya Adhabu, na muuguzi aliyeko zamu ya usiku anamjua huyo askari. Hivyo ndivyo haki iliyoandikwa inavyokosa mtu wa kuitekeleza.

Serikali nayo ilichangia. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu, kisha Desemba 2013 ikauondoa. Baadaye hata mafunzo yakapigwa marufuku. Tukabaki na ruhusa ya Katiba bila maelekezo ya kazi. Katika pengo hilo aliingia msichana ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi tu, JMM. Alinajisiwa, akapata mimba, ikatolewa kwa njia isiyo salama mwaka 2014. Alizungushwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mamake, pamoja na chama cha mawakili wanawake FIDA-Kenya, walikuwa wameshaishtaki serikali. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondolewa kwa mwongozo kulivunja Katiba, wakaagiza familia ilipwe fidia ya shilingi milioni 3. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa iwapo, kwa maoni ya mhudumu, inahatarisha uhai au afya ya mama, na afya ya akili imo ndani. Sikufurahia hukumu hiyo. Msichana alikuwa ameshazikwa.

Miezi michache tu baadaye, mwaka huo huo wa 2019, polisi walivamia kliniki moja huko Ganze, wakamkamata tabibu pamoja na mwanafunzi wa miaka 16 aliyekuwa akitibiwa baada ya mimba kumletea matatizo. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi alifuta mashtaka waliyofunguliwa wawili hao. Uamuzi ukakatiwa rufaa. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kutoa mimba kumehalalishwa kwa kila anayetaka, wala asikwambie kwamba ni marufuku moja kwa moja. Yote mawili ni uongo.

Najua wasomaji wengi dini zao zinakataza jambo hili. Mimi mwenyewe huswali, na sikuandika ili kugeuza imani ya mtu. Lakini utafiti wa Wizara ya Afya ulikadiria kwamba mwaka 2012 pekee mimba karibu 465,000 zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Adhabu ya 1930 haikuwazuia. Iliwafanya wajifiche tu.

Kwa hiyo, mzazi, dada, mwalimu: msichana akibakwa, mpelekeni hospitali kwanza. Fomu ya P3 ya polisi itafuata. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba inafaa zaidi ikimezwa mapema. Na mwanamke yeyote anayevuja damu nyingi, mwenye homa, au anayetokwa na uchafu unaonuka baada ya mimba kutoka, msimfiche chumbani. Mpakieni kwenye bodaboda usiku huo huo. Hospitali haina ruhusa ya kumrudisha.