Trial: mchezo wa moto bila mbio

Wenzangu, mu trial moto inapanda majiwe na magogo, lakini mwenye mbio si yeye anashinda. Wanahesabu mguu: ukigusa chini mara moja, pointi 1, mara mbili, 2, zaidi, 3, ukianguka, 5. Mwenye pointi kidogo ndiye wa kwanza.

Mu Hispania watoto wanaanzaka na tumoto twa umeme. Hatupigi kelele, uwanja mdogo unatosha. Toni Bou alitwaa ubingwa wa dunia 2007, akiwa na miaka 20.

Mimi niko na diplome, naendesha moto ya teksi hapa Goma, juu ya majiwe ya volkano. Kwetu mguu ukiteleza, hakuna pointi: mteja ndiye anaumia. Tujifunze polepole.