Je, Wajua? Pindua Chupa Kabla ya Kuitupa

Je, wajua kwamba chombo kizuri cha kuwekea kemikali nyumbani huenda ni kile ulichotaka kukitupa asubuhi ya leo? Kipindue. Kwenye kitako utakuta pembetatu ya mishale na namba, kuanzia 1 hadi 7. Namba hizo zilianza Marekani mwaka 1988 ili kurahisisha uchambuzi wa taka za plastiki. Leo zinamfaa mama anayetengeneza sabuni uani, na zinamfaa mwanafunzi mwenye kimaabara chake kwenye kona ya chumba. Tafuta namba 2.

Namba 2 ni polithini ngumu, plastiki ya madumu mengi na chupa nyingi za jiki. Polithini ya kwanza iliyofaa viwandani ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 huko Northwich, Uingereza. Hii ngumu ilitokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953, na miaka kumi baadaye akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwitaliano Giulio Natta. Polithini hii huvumilia asidi ya betri, kostiki soda, jiki na spiriti. Kwa bei ya dumu kuukuu, sijui chombo kingine kinachoshindana nayo.

Je, wajua kwamba chupa ya maji ya kunywa, namba 1, haifai kwa kostiki soda? Alkali kali huila plastiki hiyo polepole. Namba 6 ni dhaifu zaidi mbele ya asetoni, ile inayotoa rangi ya kucha: kikombe chake hulainika na kunywea mbele ya macho yako.

Usikimbilie sufuria pia. Kostiki soda ikikutana na alumini huchemka na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche moja.

Je, wajua kwamba hata kioo kina kinachokila? Mwaka 1771 mkemia Carl Wilhelm Scheele alipasha moto jiwe la floraiti pamoja na asidi, na chombo chake cha kioo kikaliwa. Ile ilikuwa asidi ya haidrofloriki. Mpaka leo huuzwa kwenye chupa za plastiki, na mtu wa nyumbani hana sababu ya kuwa nayo.

Chupa ya jemu ni kioo kizuri, lakini tazama kifuniko chake: ni bati. Mvuke wa asidi utakitoboa kwa kutu huku kioo chenyewe kikiwa kizima. Anayenunua chupa sokoni anunue na kifuniko cha plastiki, kisha aijaze maji na kuilaza kifudifudi usiku kucha juu ya gazeti. Gazeti likiamka kavu, chupa imefaulu.

Kifuniko kina maana kubwa kwa kostiki soda, kwa kuwa huvuta unyevu na hewa ukaa mpaka ikapoteza nguvu. Haidrojeni peroksaidi ni kinyume chake. Hutoa oksijeni kidogokidogo, na ukiibana kabisa chombo huvimba, hata kupasuka. Iache katika chupa yake ya dukani, mahali pa giza na baridi.

Je, wajua kwamba chupa ya jiki isiyosuuzwa vizuri ni hatari ukiimiminia asidi? Hutoka klorini, gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915, ikawaua wanajeshi wa Ufaransa, Waalgeria wakiwemo. Suuza mara nyingi, na asidi itafutie chombo ambacho hakijawahi kuwekewa jiki.

Je, wajua kwamba penseli inaishinda kalamu kwa kuandika lebo? Tone la spiriti hufuta wino wa kalamu nyingi, lakini maandishi ya penseli hubaki. Andika jina la kemikali na tarehe, kisha funika kwa selotepu. Chini ya kila chombo weka beseni la plastiki, ili kikivuja, kemikali isifike sakafuni.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. Chupa ya soda au ya maji isiwekewe kemikali kamwe, hata kwa saa moja, hata kama namba yake inaruhusu. Mtoto hasomi lebo, anatambua umbo la chupa. Mafuta ya taa katika chupa ya soda yamewapeleka watoto wengi hospitalini katika nchi zetu. Akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu yakipanda huingia mapafuni. Mkimbize hospitali na chupa uichukue. Na wewe unayesoma haya, kabla hujalala leo pita chini ya meza, nyuma ya mlango na jikoni, uitoe kila chupa ya kinywaji isiyo na kinywaji.